Hiace ya familia Ufipa: Dalili ambazo mzazi hapaswi kuzipuuza

Sumbawanga. Kati ya Juni na Julai, asubuhi ya Sumbawanga ni ya makoti. Mji huu uko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na usiku baridi inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Saa 12 asubuhi, kabla jua halijavuka Milima ya Mbizi, wanafunzi wenye mabegi, akina mama wanaowahi kliniki na wafanyabiashara wa maharage wanasubiri usafiri. Usafiri wenyewe, mara nyingi, ni Toyota Hiace ya dizeli iliyokwishazunguka nchi mbili.

Nyingine inaitika mara moja. Nyingine inazungusha stata mpaka taa zinafifia, inakohoa, inatetemeka, kisha inatema moshi mweupe unaochoma macho. Dereva anasema ni baridi tu. Abiria wanapanda.

Kwa familia nyingi za Uwanda wa Juu wa Ufipa, gari la aina hii ndilo linalobeba kila kitu: mahindi kwenda sokoni, watoto kwenda shule za bweni, wageni wa harusi, jeneza na waombolezaji, mgonjwa aliyeandikiwa rufaa. Wapo wanaopanda tu, na wapo waliochanga akiba ya miaka wakanunua la kwao. Kwa kawaida limetumika Japani, likaingia kwa Bandari ya Dar es Salaam, likapita kwa mmiliki mmoja au wawili hapa nchini, na sasa lina kilomita 300,000 au zaidi.

Gari lenye umri huo si lazima liwe baya. Injini za dizeli za Hiace zimejengwa kudumu. Lakini Ufipa haina huruma na gari linaloficha ugonjwa. Baridi ya asubuhi, hewa nyepesi ya mwinuko na miteremko inayoshuka karibu mita 1,000 hadi maziwa mawili, Rukwa upande mmoja na Tanganyika upande wa pili, hulazimisha kila ubovu ujitokeze. Ubovu unaogharimu sana, na ule unaoweza kuwadhuru watoto, karibu kila mara hutanguliwa na dalili ambazo mzazi asiye fundi anaweza kuziona, kuzinusa au kuzisikia.

Baridi ya asubuhi na moshi mweupe

Injini ya dizeli haina cheche ya kuwashia kama ya petroli. Inaibana hewa mpaka inakuwa ya moto sana, kisha mafuta yananyunyizwa humo na kulipuka yenyewe. Asubuhi ya baridi hewa hiyo haipati joto la kutosha, ndiyo maana kila silinda ina plagi ndogo ya kupasha joto. Taa ndogo yenye alama ya koili kwenye dashibodi huonyesha kwamba plagi hizo zinafanya kazi. Dereva makini hungoja izimike ndipo awashe.

Plagi moja ikiungua, silinda moja huchelewa kushika. Injini hutetemeka kwa dakika moja au mbili na kutoa moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi. Moshi huo ukikoma injini ikishapata joto, mara nyingi tatizo ni dogo. Fundi mwenye kipimo cha umeme anaweza kuzipima plagi zote nne kwa muda mfupi na kubadilisha iliyokufa.

Ukiendelea hata baada ya injini kupata joto, kuna mambo mawili ya kuangalia. Ukinuka dizeli na kuchoma macho, huenda nozeli zinamwaga mafuta badala ya kuyanyunyiza, au injini imepoteza nguvu ya kubana hewa. Ukiwa na harufu tamutamu na maji ya rejeta yanapungua, maji yanaingia kwenye silinda, na hilo ni jambo zito.

Kuna dalili nyingine ya asubuhi ambayo huwachanganya wengi. Gari linawaka vizuri mchana, lakini likilala usiku, hasa likiwa limeegeshwa kwenye mwinuko, kesho yake linazungusha tu bila kuwaka. Hapo mara nyingi hewa inaingia kwenye njia ya mafuta kupitia mpira uliopasuka au kiungo kilicholegea, na dizeli inarudi kwenye tanki. Fundi huweka kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, akaangalia kama kuna mapovu. Ni kipimo cha bei ndogo, na huokoa familia isiuziwe pampu nzima ambayo haikuharibika.

Hewa nyepesi na moshi mweusi

Zamani, kabla ya chuma cha madukani, Wafipa waliyeyusha chuma chao wenyewe katika tanuri za udongo zilizozidi kimo cha mtu, zinazojulikana kama malungu. Tanuri hizo zilijengwa na matundu chini ili moto uvute hewa wenyewe. Wahunzi wale walijua kwamba moto usiopata hewa hautoi chuma. Injini ya dizeli nayo ni moto unaotaka hewa.

Kwenye mwinuko wa Sumbawanga, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 20. Hiace za zamani zenye injini za 3L na 5L hazina taba ya kuisukuma hewa ndani. Pampu iliyorekebishwa kwa ajili ya Dar es Salaam ikipelekwa Sumbawanga inaweza kumwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, na matokeo yake ni moshi mweusi kila dereva anapokanyaga. Moshi kidogo wakati wa kupanda mlima ukiwa na mzigo si ajabu kwa gari kuukuu. Moshi mweusi mzito kwenye barabara tambarare ni ugonjwa.

Pa kuanzia ni chujio la hewa. Vumbi la barabara za Ufipa wakati wa kiangazi hulijaza haraka kuliko ratiba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kisha zinafuata nozeli, pampu na, kwa magari yenye taba, mipira inayopeleka hewa kwenye injini. Mpira uliopasuka hutoa sauti ya kupuliza na gari hukosa nguvu.

Kwa mzazi, moshi mweusi si suala la mafuta kuisha haraka tu. Juni 2012, IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Chembe za masizi yake ni ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Mtoto huvuta pumzi nyingi kwa dakika kuliko mtu mzima, na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua kwa safari moja tu.

Moshi wa bluu na mlango wa nyuma uliofungwa kwa kamba

Moshi wenye rangi ya bluu unasema injini inakula oili. Kwa kawaida ringi za pistoni zimechoka, au mipira ya valvu imekauka, au taba inavujisha. Kipimo chake ni rahisi: injini ikiwa inaunguruma polepole, fungua kifuniko cha kujazia oili. Mvuke mdogo ni kawaida. Moshi unaopuliza kwa nguvu, na kifuniko kinachorukaruka kikiwekwa juu ya tundu, vinaashiria kwamba mlipuko unapenya kando ya pistoni. Gari hilo litahitaji injini kufunguliwa siku si nyingi, na bei yake inapaswa kujadiliwa kwa kujua hilo.

Lakini kwa usalama wa abiria, swali kubwa zaidi ni moshi unakwenda wapi. Injini ya Hiace ya zamani iko chini ya viti vya mbele. Anayekaa hapo, mara nyingi mtoto aliyepakatwa na mama, ndiye wa kwanza kupata joto na harufu. Egzosi ikitoboka karibu na injini, moshi hupenya kwenye nyufa za kifuniko cha injini na kuingia ndani ya gari.

Njia ya pili iko nyuma. Msimu wa mavuno, magunia yakizidi, mlango wa nyuma huachwa wazi nusu na kufungwa kwa kamba. Gari linapotembea, hewa nyuma yake hujikunja na kuvutwa ndani, pamoja na moshi wa egzosi. Kiti cha nyuma, ambako watoto hupendelea kukaa na mara nyingi husinzia, ndicho kinachopokea.

Ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi. Dizeli huitoa kwa kiasi kidogo kuliko petroli, lakini katika gari lililofungwa madirisha kwa sababu ya baridi, lenye egzosi iliyotoboka, haipaswi kudharauliwa. Abiria kadhaa wakilalamika kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu kwa wakati mmoja, na nafuu ikaja wakishuka, lisidhaniwe kuwa ni kutapika kwa safari tu. Gari lisimame, watu washuke, na mtoto aliyelegea au asiyeamka vizuri apelekwe haraka kituo cha afya.

Kushuka bonde la Rukwa

Kutoka Sumbawanga, barabara inayopitia Ntendo kwenda Muze hufika kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na hapo uwanda unaishia. Chini kuna Bonde la Ziwa Rukwa, lenye joto, mpunga na samaki. Ziwa lenyewe liko karibu mita 800 kutoka usawa wa bahari. Ndani ya mwendo mfupi, msafiri aliyevaa sweta huanza kulivua.

Abiria huangalia mandhari. Mzazi anafaa aangalie mguu wa dereva.

Hiace iliyojaa watu na mizigo inaweza kuwa na uzito wa tani mbili na nusu. Ikishuka mita 1,000, nishati inayopaswa kuzuiliwa inatosha kuchemsha karibu ndoo nne za maji baridi za lita 20. Joto hilo lote likiachiwa breki, pedi huungua na kupoteza mshiko, na mafuta ya breki yaliyozeeka, ambayo kwa miaka yamekuwa yakinyonya unyevu, huanza kuchemka. Pedali inakuwa laini, kisha inazama. Dereva anakanyaga, gari haliitikii.

Ndiyo maana madereva wazoefu husema gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Gia ndogo huifanya injini ilizuie gari, na breki hukanyagwa kwa vipindi tu, zikipata muda wa kupoa.

Hatari zaidi ni tabia ya kuweka gari nyutro au kuzima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Breki za Hiace husaidiwa na nguvu ya mvuto wa hewa. Kwenye injini ya dizeli mvuto huo hutoka kwenye pampu maalumu, ambayo kwa injini za 3L na 5L imeshikizwa nyuma ya jenereta ya gari na huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, breki hubaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu. Baada ya hapo pedali huwa ngumu kama jiwe. Lita moja ya dizeli haina thamani ya kufanya jambo hilo.

Wazazi wa Tanzania hawahitaji kukumbushwa sana. Mei 6, 2017, basi dogo la shule lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu, na kuua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Julai 26, 2022, huko Mikindani mkoani Mtwara, Hiace iliyokuwa ikipeleka watoto shuleni nayo ilitumbukia kwenye korongo na kuua watu wasiopungua 10, wengi wao wanafunzi. Kila mteremko wenye gari la watoto unastahili gari lililopimwa.

Kupima breki kabla ya safari hakuhitaji mashine. Injini ikiwa imezimwa, pedali ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha mguu ubaki umeikandamiza na injini iwashwe. Pedali inapaswa kushuka kidogo. Isiposhuka, msaada wa breki haufanyi kazi. Baada ya hapo ikandamizwe kwa nguvu ya wastani kwa nusu dakika. Ikizama polepole hadi chini, mafuta yanapita mahali pasipostahili. Tairi la nyuma lenye unyevu wa mafuta upande wa ndani nalo linaonyesha uvujaji kwenye breki. Mafuta ya breki yenye rangi ya chai ya rangi yanasubiri kubadilishwa.

Harufu ya kuungua ikisikika katikati ya mteremko, gari lisimame mahali salama, magurudumu yawekewe mawe, na breki ziachwe zipoe zenyewe. Kumwagia maji ya baridi ngoma za breki za moto kunaweza kuzipasua.

Kupanda kurudi juu, na siri ya maji

Safari ya kurudi ndiyo inayoua injini. Gari linaanza likiwa kwenye joto la bonde, limejaa mpunga, na linapanda kwa gia ndogo kwa muda mrefu. Kasi ni ndogo, upepo wa kupooza rejeta ni mdogo, na kadiri linavyopanda hewa inazidi kuwa nyepesi.

Kuna jambo ambalo akina mama wa Sumbawanga wanalijua jikoni: maharage hapa huchukua muda mrefu kuiva. Maji katika mwinuko huu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama pwani. Kwenye rejeta, kifuniko chenye mpira na springi hubana maji ili yasichemke mapema. Mpira huo ukichakaa, maji yanachemka injini ikiwa bado katika joto la kawaida la kazi. Kifuniko ni kipuri cha bei ndogo, na kimewahi kuwa chanzo cha hasara kubwa kwa wengi.

Gereji, mazungumzo mara nyingi huwa ya namna hii.

"Mama, maji unaongeza mara ngapi?"

"Kidogo tu, fundi, kila asubuhi."

"Kuna mahali yanavuja chini?"

"Hapana, pakavu kabisa."

Jibu hilo la mwisho ndilo linalomfanya fundi aache alichokuwa akifanya. Maji yanayopungua bila kuonekana yanakotoka huenda yanaingia kwenye injini kupitia gasketi iliyokatika au silinda hedi yenye ufa. Injini ya 1KZ-TE, yenye taba, inajulikana kwa hedi yake kupasuka ikishapata joto kupita kiasi.

Dalili za kuangalia ni nne. Mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu dakika moja au mbili tu baada ya kuwasha injini iliyolala baridi. Mapovu yanatoka mfululizo kwenye mdomo wa rejeta. Oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Moshi mweupe hauishi. Ikionekana mojawapo, gari lisipelekwe bondeni mpaka lipimwe.

Rejeta lisifunguliwe kamwe likiwa la moto. Maji yaliyobanwa hulipuka kama mvuke na kuunguza uso, shingo na mikono, na mara nyingi watoto huwa wamesimama karibu wakishangaa. Mshale wa joto ukipanda, gari lisimame, lizimwe, na lisubiriwe mpaka mkono uweze kushika rejeta bila kuungua.

Wapo mafundi ambao gari likichemsha huondoa themostati na kusema tatizo limekwisha. Kwenye baridi ya Ufipa, injini isiyo na themostati hufanya kazi ikiwa haijapata joto lake, hula mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Kwenye baadhi ya injini, kuiondoa huyafanya maji yazunguke bila kupita vizuri kwenye rejeta, na joto linazidi pale linapohitajika kupungua. Themostati iliyokufa hubadilishwa.

Barabara ndefu ya Tunduma

Mgonjwa akipewa rufaa kwenda Mbeya, safari ni ya zaidi ya kilomita 300, kupitia Laela na Tunduma. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye zaidi ya kilomita 220, iliwekwa lami kwa fedha za mpango wa Changamoto za Milenia wa Marekani, uliotekelezwa nchini kati ya 2008 na 2013. Lami nzuri inaruhusu mwendo, na mwendo mrefu huumbua ubovu wa aina nyingine.

Wa kwanza ni mkanda wa ndani wa injini, taimingi belti. Ukikatika, pistoni na valvu hugongana, na injini huzima ghafla. Gari likiwa na mgonjwa, usiku, katikati ya Laela na Tunduma, hakuna fundi wa barabarani atakayeliwasha. Magari mengi ya dizeli yaliyotoka Japani yana taa iliyoandikwa T-BELT inayowaka kila kilomita 100,000. Taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa, na kilomita za dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma. Mnunuzi asiye na risiti ya mkanda aukubali ushauri wa kuubadilisha mara moja, na tarehe iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya gari.

Wa pili ni mafuta. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu na nozeli. Ikichanganywa na mafuta ya taa, vipuri hivyo husagana. Uchakachuaji ulikuwa tatizo kubwa nchini mpaka EWURA ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta 2010, na kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa 2011. Bado dizeli ya madumu, inayouzwa mbali na vituo, inaweza kuwa na maji na uchafu. Chini ya chujio la mafuta kuna kifundo cha kutolea maji. Fundi akifungue kila gari linapofanyiwa huduma.

Hili lina uzito zaidi kwa Hiace mpya kidogo, zilizotoka baada ya 2004 zikiwa na injini za 2KD na 1KD. Nozeli zake zinaongozwa kwa umeme na mafuta hubanwa kwa zaidi ya mara 1,000 ya kanieneo ya kawaida ya hewa. Mtu asitafute uvujaji wake kwa kidole. Mafuta yenye nguvu hiyo hupenya ngozi kama sindano, na jeraha linaloonekana dogo linahitaji hospitali saa hiyohiyo.

Magari hayo hupimwa kwa mashine inayosoma kumbukumbu za kompyuta ya injini. Mashine ni msaada, lakini haijui kila kitu. Inaweza kusema kanieneo ya mafuta ni ndogo bila kusema kama ni pampu, nozeli au chujio lililoziba. Fundi mzuri hufuatisha kipimo cha mkono: anaunganisha chupa nne kwenye njia za mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli, anawasha injini na kulinganisha. Chupa inayojaa upesi kuliko nyingine ndiyo inayoonyesha nozeli iliyochoka. Mzazi anayeambiwa anunue nozeli zote nne ana haki ya kuziona chupa hizo kwanza.

Kabla ya kulipa

Familia inayotaka kununua iende kuliona gari asubuhi, na imwombe muuzaji asiliwashe kabla. Injini ikikutwa ina joto, huenda kuna kitu kinafichwa, kwa hiyo warudi siku nyingine. Kwanza waangalie maji na oili vikiwa baridi. Kisha liwashwe, mmoja akiwa nyuma anatazama rangi ya moshi, mwingine akiwa mbele anasikiliza mgongano. Lijaribiwe kwenye mlima likiwa na watu, si kuzunguka stendi tupu. Baada ya safari, maji na oili viangaliwe tena.

Kilomita zisiaminiwe peke yake. Pedali zilizolika, usukani uliong'aa na kiti cha dereva kilichobonyea husema ukweli ambao namba haziusemi. Na fundi wa kulipima asiwe yule aliyeletwa na muuzaji.

Gari likishafika nyumbani, oili chakavu, maji ya rejeta na mafuta ya breki visiwekwe kwenye chupa za soda. Maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu huwa matamu na yana sumu inayoharibu figo. Dizeli isinyonywe kwa mdomo kwa kutumia mpira, wala mtoto asitumwe kufanya hivyo. Ikiingia kwenye mapafu husababisha homa kali ya mapafu. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, apelekwe kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe.

Kwa mzazi asiyemiliki gari, bado kuna la kufanya. Kabla ya kumpandisha mtoto anayekwenda Muze, Matai, Kasanga au Namanyere, anaweza kuzunguka nyuma ya gari akaangalia moshi, akahakikisha mlango wa nyuma unafungika, na akamuuliza dereva breki ziliangaliwa lini. Dereva anayejua kazi yake hujibu bila kukasirika. Anayejibu kwamba "litafika tu" bado hajajibu, na mtoto anaweza kusubiri gari linalofuata.